Mrija wa Mshipa kwa Mgonjwa wa Saratani: Faida Zake, Hatari Zake na Namna ya Kuamua

Mgonjwa anapoelezwa kuwa ana saratani, maswali yanayomjia kwanza huhusu ugonjwa wenyewe: umefikia hatua gani, unatibika, na matibabu yatachukua muda gani. Ni nadra kuuliza dawa zitaingia mwilini kwa njia ipi. Hata hivyo, kwa mtu atakayepewa tibakemikali kwa miezi sita au zaidi, njia ya kupitishia dawa si jambo dogo. Inaweza kuamua kama matibabu yatakamilika kwa wakati, kama mkono wake utabaki salama, na pengine kama atanusurika na maambukizi ambayo hayakutokana na uvimbe aliokuja kutibiwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 20 waligundulika kuwa na saratani duniani katika mwaka 2022, na watu milioni 9.7 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Sehemu kubwa ya wanaopata matibabu hupewa dawa kupitia mishipa ya damu, na wengi wao huchomwa kanula mkononi kila wanaporudi hospitalini. Kwa baadhi yao kanula inatosha. Kwa wengine, madaktari hupendekeza mrija wa muda mrefu, yaani mrija mwembamba na laini unaoingizwa katika mshipa na kuachwa humo kwa wiki, miezi au hata miaka.

Makala haya yanaeleza mirija hiyo ni ipi, inamsaidia nani, inaleta hatari gani, na mgonjwa pamoja na familia yake wapime nini kabla ya kukubali au kukataa.

Kwa nini mshipa wa mkono wakati mwingine hautoshi

Mishipa ya mkono ni myembamba na damu hupita humo taratibu. Baadhi ya dawa za saratani ni kali kiasi cha kuunguza ukuta wa mshipa. Baada ya mizunguko kadhaa ya matibabu, mishipa huwa migumu kama kamba, hujificha chini ya ngozi au hupasuka kila inapoguswa na sindano. Ndipo muuguzi hulazimika kujaribu mara tatu au nne kabla ya kupata njia, na mgonjwa huanza kuiogopa siku ya dawa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Dawa kama doksorubisini, yenye rangi nyekundu na inayotumika sana katika saratani ya matiti, na vinkristini, inayotumika kwa watoto wenye saratani ya damu, zinaweza kuua nyama ya mwili zikivuja nje ya mshipa. Kuvuja huko huanza kwa maumivu na uvimbe, kisha ngozi hubadilika rangi, na katika hali mbaya hutokea kidonda kirefu kinachofika kwenye kano na kudhoofisha mkono. Kidonda cha aina hiyo kinaweza kuhitaji upasuaji, na kinaweza kuchelewesha matibabu ya saratani.

Mrija wa muda mrefu unakwepa tatizo hilo kwa kufikisha dawa katika mshipa mkubwa wa kifuani unaorudisha damu kwenye moyo. Katika mshipa huo hupita takriban lita 2 za damu kila dakika. Dawa kali inapotoka kwenye ncha ya mrija huchanganyika mara moja na damu nyingi, na makali yake kwa ukuta wa mshipa hupungua.

Njia iliyoanza kwa ujasiri wa daktari mmoja

Wazo la kupitisha mrija kwenye mshipa hadi kwenye moyo lilionekana kuwa hatari isiyokubalika mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingiza mrija katika mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi moyoni, kisha akaenda kupigwa picha ya eksirei ili kuthibitisha. Alipuuzwa kwa miaka mingi, lakini mwaka 1956 alikuwa mmoja wa madaktari watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mwaka 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alieleza mbinu ya kuingiza mrija kwa kutangulizwa na waya mwembamba unaopita kwenye sindano, na mbinu hiyo ingali msingi wa kazi hii hadi leo. Miaka ya 1970, mjini Seattle nchini Marekani, Broviac na baadaye Hickman walitengeneza mirija inayopitishwa chini ya ngozi kabla ya kuingia kwenye mshipa. Wa Broviac ulikusudiwa wagonjwa waliolishwa kwa njia ya damu, na wa Hickman wagonjwa waliopandikizwa uboho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikafuata kifaa kinachozikwa chote chini ya ngozi.

Aina tatu za mirija

Aina ya kwanza ni mrija wa mkononi, ambao hospitalini hujulikana kwa ufupisho wa PICC. Huingizwa katika mshipa wa sehemu ya juu ya mkono na kusukumwa hadi ncha yake ifike karibu na moyo. Kazi hiyo hufanywa kwa ganzi ya mahali, bila upasuaji, na muuguzi aliyepata mafunzo anaweza kuifanya. Sehemu ya mrija hubaki nje ya ngozi na lazima ifunikwe wakati wote.

Aina ya pili ni mrija wa kifuani unaopitishwa chini ya ngozi, ukiwemo ule wa Hickman. Mrija huu huingia kwenye mshipa wa shingoni au chini ya mfupa wa mtulinga, kisha hupita chini ya ngozi ya kifua na kutokea sentimita kadhaa mbali na mahali ulipoingia mshipani. Umbali huo, pamoja na kitambaa kidogo kilichozungushiwa mrija chini ya ngozi, huzuia vijidudu kusafiri kutoka nje hadi kwenye damu.

Aina ya tatu ni kisanduku cha chini ya ngozi, ambacho wahudumu wengi hukiita poti. Ni kifaa kidogo chenye utando wa silikoni juu yake, kilichounganishwa na mrija na kuzikwa chini ya ngozi ya kifua au ya mkono. Kinapohitajika, muuguzi huchoma ngozi kwa sindano maalumu isiyokata utando huo. Sindano ikitolewa, hakuna kinachobaki nje. Mgonjwa anaweza kuoga, kuvaa nguo zake na kufanya shughuli za kawaida bila mtu kujua kuwa anacho. Lakini kuwekwa kwake na kutolewa kwake kunahitaji upasuaji mdogo, na bei yake ni kubwa kuliko ya mrija wa mkononi.

Hatari zake

Hatari za mirija hii huja kwa nyakati mbili. Zipo zinazotokea siku ya kuwekwa: sindano inaweza kugusa pafu na kusababisha hewa kuvuja kifuani, inaweza kuingia kwenye ateri badala ya vena, au ncha ya mrija ikiingia mbali mno inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Matumizi ya mashine ya altrasaundi kumwongoza anayeuweka yamepunguza matatizo haya, na picha au kipimo kingine cha kuthibitisha mahali ncha ilipofika ni sharti kabla ya dawa yoyote kupitishwa.

Zipo pia hatari zinazokuja baadaye, na kubwa kati yake ni maambukizi ya damu. Mrija ni njia iliyo wazi kutoka kwenye ngozi hadi karibu na moyo. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumdhuru wanaweza kushika ukuta wa mrija, kujijengea utando na kusambaa kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya njema hilo ni tatizo kubwa; kwa mtu ambaye tibakemikali imeshusha chembechembe zake nyeupe za damu linaweza kuwa hatari kwa maisha ndani ya saa chache.

Hatari nyingine ni damu kuganda kuzunguka mrija. Saratani yenyewe huongeza uwezekano wa damu kuganda, na kitu kigeni ndani ya mshipa huongeza zaidi. Mkono huvimba, huuma, na pande la damu linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Tafiti zimeonyesha kuwa mirija ya mkononi husababisha tatizo hili mara nyingi zaidi kuliko mirija mingine, kwa kuwa hujaza sehemu kubwa ya mshipa mwembamba. Hata hivyo, haishauriwi kumpa kila mwenye mrija dawa za kuzuia damu kuganda kama kinga, kwa sababu dawa hizo nazo huleta hatari ya kutokwa na damu.

Mbali na hayo, mrija unaweza kuziba, kupasuka, kuchomoka au kuhama kutoka mahali pake.

Ushahidi unasema nini

Mojawapo ya tafiti kubwa zilizolinganisha aina hizi tatu ni ule wa CAVA uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet. Wagonjwa 1,061 kutoka vituo 18 vya saratani, waliotarajiwa kupata matibabu kwa wiki 12 au zaidi, walipangiwa aina ya mrija kwa kura. Watafiti wakahesabu walioambukizwa, walioganda damu, na ambao mirija yao iliharibika au ilikataa kutoa damu.

Matokeo yalikuwa ya wazi. Kisanduku cha chini ya ngozi kilipolinganishwa na mrija wa Hickman, matatizo yalitokea kwa asilimia 29 ya wenye kisanduku na asilimia 43 ya wenye Hickman. Kilipolinganishwa na mrija wa mkononi, yalikuwa asilimia 32 dhidi ya asilimia 47. Kati ya mrija wa mkononi na ule wa Hickman, tofauti ilikuwa ndogo: asilimia 52 dhidi ya 49.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini. Kwanza, matatizo yaliyohesabiwa hayana uzito sawa: mrija uliokataa kutoa damu ya kipimo umehesabiwa pamoja na maambukizi ya damu. Pili, hata aina iliyofanya vizuri ilileta tatizo la namna fulani kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu. Hakuna mrija usio na hatari. Tatu, wagonjwa hao walitibiwa katika nchi ambayo kituo cha afya hakiko mbali na wauguzi waliofunzwa kutunza mirija wanapatikana. Matokeo hayawezi kuhamishiwa mahali pengine bila kuuliza kama mazingira hayo yapo.

Ushahidi mwingine unatia moyo. Katika jimbo la Michigan nchini Marekani, vitengo zaidi ya 100 vya wagonjwa mahututi vilitekeleza hatua tano: kunawa mikono, kuvaa mavazi kamili ya kujikinga wakati wa kuweka mrija, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja inapowezekana, na kuondoa mirija isiyohitajika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi sifuri. Wagonjwa wale hawakuwa wa saratani pekee, na mirija yao ilikuwa ya muda mfupi. Lakini funzo linabaki: sehemu kubwa ya maambukizi haya inazuilika, na kinachoyazuia ni nidhamu zaidi kuliko mitambo ya gharama.

Namna ya kupima

Swali la msingi la kujiuliza ni kama faida ya mrija kwa mgonjwa huyu, kwa dawa hizi, mahali anapoishi, inazidi hatari yake. Jambo moja husaidia kulijibu. Faida ya mrija hupatikana siku unapotumika; hatari yake huendelea kila siku ukiwa mwilini, utumike usitumike. Kwa hiyo mrija unaotumika mara kwa mara hujilipia, na mrija unaokaa bila kazi ni mzigo.

Mwanamke mwenye saratani ya titi atakayepata mizunguko minne ya dawa, mwenye mishipa mizuri, anaweza kutibiwa kwa kanula chini ya uangalizi wa karibu. Mwenye mishipa iliyokwisha kuharibika, na aliyepangiwa dawa za mwaka mzima, hunufaika zaidi na kisanduku cha chini ya ngozi, ambacho kwa kawaida huwekwa upande usio na titi lenye ugonjwa. Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anayepewa dawa inayotiririka kwa saa 46 mfululizo hawezi kuipata kwa usalama kupitia kanula ya mkononi. Kwake mrija ni sehemu ya tiba. Mtoto mwenye saratani ya damu huhitaji dawa kali, damu ya kuongezewa na vipimo vya mara kwa mara kwa muda mrefu, na mrija humwepusha na mamia ya sindano. Lakini chembe sahani zake zikiwa chini sana, au akiwa na maambukizi wakati huo, uwekaji unaweza kusubiri.

Kwa mgonjwa aliye kwenye tiba shufaa, kipimo ni kingine. Mrija unaomwondolea maumivu ya kuchomwachomwa katika miezi aliyobakiwa nayo unaweza kuwa na thamani kubwa. Unaomlazimu kusafiri kila wiki kwenda kusafishwa unaweza kumnyang'anya muda ambao angeutumia na watoto wake.

Nchini Tanzania umbali ni sehemu ya hesabu hii. Matibabu ya saratani yanapatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na katika hospitali kubwa kama Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi, lakini wagonjwa wengi wanatoka vijijini. Mrija wa mkononi huhitaji kusafishwa na kubadilishiwa bandeji kila wiki. Kisanduku cha chini ya ngozi kisichotumika kwa kawaida husafishwa kila baada ya wiki nne au zaidi kidogo. Kwa anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hospitalini, tofauti hiyo ya ratiba inaweza kuwa na uzito kuliko tofauti ya bei. Mrija wa bei nafuu usio na mtu wa kuutunza unaweza kuishia kuwa wa gharama kubwa kuliko yote.

Kabla ya kutia saini ya ridhaa, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Kwa nini ninahitaji mrija? Utakaa muda gani? Ipo njia nyingine? Nani atausafisha nikirudi nyumbani? Nikipata homa usiku niende wapi? Gharama ya kuuweka, kuutunza na kuutoa ni kiasi gani, na bima yangu inalipia nini?

Utunzaji na dalili za hatari

Mwenye mrija hapaswi kuruhusu mtu yeyote kuugusa bila kunawa mikono. Bandeji ya uwazi hubadilishwa kila baada ya siku saba, ya kitambaa cha gozi kila baada ya siku mbili, na yoyote iliyolowa, kuchafuka au kubanduka hubadilishwa mara moja. Sehemu iliyo nje isizamishwe kwenye maji. Kuogelea ziwani au baharini hakufai. Mwenye mrija wa mkononi asipimwe shinikizo la damu kwa mkono huo, wala asibebe mizigo mizito nao. Muuguzi anayesukuma dawa au maji ya chumvi atumie bomba la sindano la mililita 10 au kubwa zaidi, kwa sababu bomba dogo hutoa msukumo mkubwa unaoweza kupasua mrija.

Dalili zinazohitaji hospitali bila kusubiri ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi hasa baada ya mrija kusafishwa, wekundu au usaha mahali ulipoingilia, uvimbe wa mkono, shingo au uso, maumivu ya kifua na kupumua kwa shida. Mrija ukipasuka, ubanwe au ukunjwe kati ya mwili na mahali palipopasuka ili hewa isiingie kwenye damu, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Homa inastahili kusisitizwa. Katika nchi yenye malaria, wengi humeza dawa ya kutuliza homa na kusubiri kesho, au huhudumiwa kama wagonjwa wa malaria pekee. Kwa mtu aliye kwenye tibakemikali, kusubiri huko kunaweza kugharimu maisha. Miongozo ya kitabibu inataka mgonjwa mwenye homa na chembechembe nyeupe chache aanze antibayotiki ndani ya saa moja tangu alipofika. Anapofika kituo chochote, hata zahanati, maneno yake ya kwanza yawe kwamba anatibiwa saratani na ana mrija kwenye mshipa. Inafaa atembee na kadi inayoonyesha aina ya mrija, tarehe uliyowekwa na simu ya hospitali yake.

Tatizo likitokea, si lazima mrija utolewe. Damu ikiganda lakini mrija bado unafanya kazi na unahitajika, mara nyingi mgonjwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda na mrija hubaki. Baadhi ya maambukizi hutibiwa mrija ukiwa mahali pake. Mengine, kama yale ya fangasi au ya bakteria wakali aina ya stafilokokasi orea, hulazimu utolewe. Uamuzi huo ni wa daktari, na mgonjwa asijaribu kuuchomoa mwenyewe.

Matibabu yanapokamilika, swali la kwanza hurudi kwa sura mpya: je, mrija bado unahitajika? Wapo wanaobaki nao kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi, na wapo wanaosahauliwa nao baada ya ratiba ya dawa kwisha. Kwa kila ziara, mgonjwa au ndugu anayemsindikiza anaweza kuuliza swali hilo bila woga. Jibu likiwa kwamba hauna kazi tena, tarehe ya kuutoa ipangwe siku hiyo hiyo.